Mwinjilisti Aliyetaka Kila Shukrani Itajwe

Mwinjilisti wetu wa Garissa hakupenda shukrani za jumla. Mtu akisimama kanisani akasema anamshukuru Mungu kwa yote, alimkatiza palepale mbele ya watu.

"Yote yapi?"

Mtu alibabaika, akasema kwa uzima, kwa afya.

"Afya ipi? Juzi si ulikuwa unaumwa tumbo? Taja kitu. Mungu ana kazi nyingi, usimwachie ya kukisia."

Basi yule mtu alibaki amesimama akifikiri, jasho likimtiririka, mpaka apate jambo moja la kweli: barua ya nyumbani imefika, homa ya mtoto imeshuka, jana mwenye punda ameleta maji mapema. Hapo Mwinjilisti aliitikia kwa kichwa, akamwacha aketi. Kanisa lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha mabati karibu na nyumba za polisi, na ikifika saa tano asubuhi hakuna aliyeweza kuegemea ukuta. Kusimama muda mrefu mle ndani hakukuwa mchezo.

Yeye mwenyewe alifungua kila ibada kwa njia hiyohiyo. Alimshukuru Mungu kwa msumari aliouokota mbele ya posta, ambao sasa ulishikilia bati lililokuwa likipiga kelele. Alimshukuru kwa askari wa zamu aliyemrudishia kofia iliyopeperushwa na upepo. Jumapili moja alimshukuru kwa Abdi wa duka, Msomali, aliyemgawia sukari aliyokuwa ameiweka kwa nyumba yake mwenyewe. Hiyo iliwakera wengi. Nakumbuka mke wa sajenti mmoja aligeuka akanitazama kama kwamba mimi ndiye niliyesema.

Lazima nieleze wakati ule ulivyokuwa. Nilipelekwa Garissa mwaka uliofuata uhuru, karani kijana katika ofisi ya ujenzi, mtu wa Taita ambaye hajawahi kuona ngamia. Wasomali wengi wa mkoa ule walitaka waungane na wenzao wa ng'ambo ya mpaka, serikali ilikataa, na waliochukua bunduki wakaingia msituni, sisi tuliwaita shifta. Malori yalisafiri kwa misafara yenye askari. Jioni kulikuwa na amri ya kutotoka nje. Watu wa bara tuliokuwa pale, yaani polisi, makarani na walimu, tulihesabu miezi iliyobaki tuhamishwe. Tuliwashuku Wasomali, Wasomali walitushuku sisi, na sisi kwa sisi tulishukiana pia: nani amesalimiana na nani sokoni, nani amenunua betri nyingi za redio na za nini.

Mimi nilikuwa mwepesi wa kushuku hata kabla ya kufika. Nikipewa kitu naangalia chini yake. Na mtu anayeshukuru kiasi kile, kila wiki, katika mji kama ule, sikuweza kumwamini.

Alikuwa mfupi, masikio makubwa, sauti nene isiyolingana na kifua chake. Alivaa akala, vile viatu vya mpira wa gurudumu, na koti la kijivu ambalo mikono yake iliishia juu ya vifundo. Alikuwa mkali. Akichoshwa na wimbo alipiga meza kwa kiganja akauanzisha mwingine. Majani ya chai aliyafungia kwenye kopo, ufunguo akauning'iniza shingoni, na mgeni akija aliyapima kama dawa. Watoto wakikimbia kanisani aliwafinya. Katika miaka yote aliyohubiri pale, sikuona Msomali hata mmoja akibatizwa, na nilipomuuliza amebatiza wangapi, alisema wawili, na wote walikuwa watoto wa polisi.

"Haikuvunji moyo?"

"Kazi yangu ni kuwapo," alisema. "Nipo."

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hakuweza kuvumilia kushukuriwa. Niliposhikwa na malaria, mwezi wangu wa tatu, alikuja chumbani kwangu akakaa siku mbili. Alinifuta jasho, alinilisha uji kwa kijiko, alimwaga nilichotapika. Nilipopata nguvu nikamwambia asante, uso wake ukabadilika. "Nyamaza, unajichosha," akasema, akachukua kofia yake akaenda zake. Jumapili iliyofuata alisimama akamshukuru Mungu kwa ndoo yangu, kwamba haikuvuja. Watu walicheka. Mimi nilijiuliza alikuwa ametafuta nini chumbani mwangu kwa siku mbili.

Dukani kwa Abdi alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliketi juu ya gunia, akala tende bila kuombwa, akazungumza Kisomali chake kibovu.

"Iko namna gani, Mwinjilisti?" Abdi alimuuliza.

"Alhamdulillahi."

"Wallahi, wewe sasa nusu Isilamu. Bado kidogo tu."

"Na wewe ukinipimia vizuri utakuwa nusu Mkristo."

Abdi alicheka mpaka akashika mzani. Lakini askari wawili waliokuwa wakinunua sigara hawakucheka, na kabla ya siku kwisha habari ilikuwa imezunguka nyumba za polisi: Mwinjilisti anasema alhamdulillahi.

Halafu kulikuwa na safari zake za Alhamisi. Kila Alhamisi saa sita mchana, jua likiwa limewafungia watu wote ndani, alitoka na mfuko wa kitambaa akashuka kuelekea Mto Tana, chini kwenye mikoma, akarudi saa tisa. Hakuna aliyejua anakwenda kumwona nani. Wengine walisema anapeleka habari. Alhamisi moja nilimfuata. Nilipita kando ya mashamba ya ukingoni, nikajificha nyuma ya kichaka, nikamwona ameketi kwenye kivuli, amejifunga shuka kiunoni, suruali yake imetandazwa juu ya majani. Alikuwa na suruali moja tu. Alikuwa akingoja ikauke.

Mtu mwenye akili timamu angerudi nyumbani ameaibika. Mimi nilirudi nikijiambia kwamba mtu anaweza kufua suruali na bado akakutana na mtu.

Sasa nifike kwenye lile lori.

Ofisi yetu ilikuwa na dereva, Baba Mutua, mtu wa Matuu, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Mkewe alinipikia chai kila asubuhi kwa sababu, alisema, kijana asiye na mke huanza kazi na njaa. Baba Mutua alinifundisha kuendesha gari. Hakuna mtu niliyempenda zaidi katika mji ule. Asubuhi moja aliagizwa kupeleka saruji Bura pamoja na askari mmoja wa ulinzi, na Mwinjilisti akaomba nafasi ili akawaone Wakristo wachache wa kituo cha polisi kule. Msafara ulikuwa na malori mawili. La pili liliharibika njiani, wakaambiwa waliotangulia waendelee.

Adhuhuri yake tulisikia. Lori lilipigwa risasi mahali penye mchanga. Baba Mutua aliuawa akiwa bado ameshika usukani, askari akauawa aliporuka. Lori likachomwa. Mwinjilisti hakuonekana, si mzima wala maiti.

Baba Mutua tulimzika kesho yake. Siku ya tatu, mnamo saa nne asubuhi, Mwinjilisti aliingia mjini kwa miguu. Nyayo zake zilikuwa zimefungwa vipande vya ngozi. Midomo ilikuwa imepasuka, lakini hakuwa na jeraha, na jambo ambalo kila mtu alilisema kabla ya jua kuzama ni kwamba hakuonekana kama mtu aliyekaa siku tatu bila maji.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Mama Mutua aliketi mbele, mtoto mgongoni, kitambaa cheusi kichwani. Nilidhani Mwinjilisti atanyamaza, au ataomba mtu mwingine aongoze. Alisimama pale pake pa siku zote.

"Namshukuru Mungu," alisema, "kwa maziwa ya ngamia, kibuyu kizima, niliyopewa na mtu ambaye hakuniuliza mimi ni nani."

Mama Mutua ndiye aliyezungumza, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei.

"Na mume wangu, Mwinjilisti?"

"Kwa mumeo sina shukrani, mama. Kwake nina kilio, na nitalia pamoja nawe. Lakini maziwa nilipewa. Siwezi kusema sikupewa."

Mama Mutua aliinuka akatoka. Nikamfuata.

Watu wa usalama walimchukua Mwinjilisti siku hiyohiyo. Walitaka kujua ni nani aliyempa maziwa, kwa sababu aliyempa alikuwa karibu na mahali pale, na aliyekuwa karibu lazima aliwaona waliopita. Alikaa kwao siku mbili. Aliporudi alitembea ubavu mmoja umeinama, na hakuwa amewaambia kitu. Jumapili iliyofuata alimshukuru Mungu kwa mkeka aliopewa alalie huko.

Wiki ile, asubuhi, afisa mmoja wa usalama alikuja ofisini kwangu. Alikuwa mpole. Aliketi kwenye ukingo wa meza yangu akasoma kalenda.

"Wewe ndiye mwandishi wa kanisa," alisema.

"Ndiyo, bwana."

"Na dereva aliyekufa alikuwa rafiki yako."

"Ndiyo."

"Sikuombi useme uongo juu ya mtu. Andika tu anachoshukuru. Si husema mbele ya watu wote? Basi hiyo si siri. Andika, uniletee Jumatatu."

Nikaandika. Ilikuwa rahisi, kwa kuwa kumbukumbu za ibada niliandika mimi. Jumatatu niliipiga nakala kwa mashine ya ofisi. Mara moja, kwa haraka, nilipiga "anamshuku Mungu" mahali pa "anamshukuru", nikaitazama karatasi, nikaichana nikaanza upya. Majuma matatu hayakuwa na kitu: mvua ya dakika kumi, kiatu kilichoshonwa, mwalimu aliyerudi salama kutoka Takaba. Afisa alisoma, akakunja, akatia mfukoni.

Jumapili ya nne Mwinjilisti alisimama akiwa na uso mwepesi ambao sikuuona tangu lile lori. Nadhani alikuwa amepata habari dukani kwa Abdi.

"Namshukuru Mungu," alisema, "kwa kuwa yule mama aliyenipa maziwa amejifungua salama. Mtoto wa kiume. Na yule ngamia wao kilema, ambaye maziwa yalitoka kwake, bado anakamuliwa."

Hakutaja jina, wala mahali, wala ukoo. Naamini alifikiri ameyaacha nje yote yenye hatari, na kilichobaki ni cha Mungu tu. Hata wale waliomchukia waliitikia amina, maana ni nani asiyeitikia amina kwa mtoto?

Jumatatu nilikaa mbele ya mashine muda mrefu. Niliandika "mtoto mchanga wa kiume". Nilipofika kwenye ngamia nikasita. Nilijua maana yake. Wachungaji huijua mifugo kwa miguu na madoa kama sisi tunavyojuana kwa majina. Ukimuuliza mtu yeyote kisimani ni nani mwenye ngamia jike kilema na mke aliyejifungua juzi, atakujibu bila kufikiri. Ningeweza kuliacha neno hilo. Nikamkumbuka Baba Mutua akinishika mkono kwenye gia. Nikapiga: "ngamia kilema, bado anakamuliwa".

Siku tano baadaye askari waliipata familia ile kwenye njia ya Sangailu. Mwanamume alichukuliwa. Ngamia walipigwa risasi, na yule kilema, nilivyosikia, alikuwa wa kwanza kwa kuwa hakuweza kukimbia. Mama na watoto waliletwa kwenye kijiji kilichokuwa kinazungushiwa seng'enge nje ya mji, ambako wachungaji walikusanywa wakae wakilindwa.

Seng'enge ile ilikuwa kazi ya ofisi yetu. Ndiyo sababu nilikuwapo. Nilikuwa nikiandika idadi ya nguzo, saa nne ya asubuhi, nilipomwona Mwinjilisti akija na kopo la maziwa ya unga chini ya kwapa. Alinipita akanisalimu. Akamwendea mwanamke aliyeketi kwenye kivuli cha mkeka mmoja, kitoto kifuani. Nilisikia akimwita Halima.

Alichuchumaa mbali kidogo, kama adabu inavyotaka, akaliweka kopo chini kati yao. Alisema jambo kwa Kisomali. Halima akamjibu kwa Kiswahili. Nafikiri alitaka na sisi wengine tusikie.

"Bwana yangu wapi?"

"Nimeuliza, abaayo, dada yangu. Hawaniambii."

"Askari alisema, babdiri yako amesema habari ya ngamia. Amesema kanisani."

Babdiri, yaani padri. Kwao sisi wote tulikuwa mapadri.

"Nilikuwa nakushukuru," Mwinjilisti alisema. "Nilikutaja kwa Mungu."

Halima alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililofanya nishindwe kuendelea kuhesabu.

"Mimi nimekupa maziwa," alisema. "Sikukuomba kitu. Sasa nakuomba moja. Ukiomba Mungu, mimi usinitaje."

Mwinjilisti alibaki amechuchumaa. Kisha akainuka, akaliacha kopo pale, akatembea hadi barabarani. Nilimtazama Halima. Kopo lilikaa mchangani mpaka kazi yetu ilipokwisha.

Jumapili iliyofuata Mwinjilisti alifungua Biblia, akasema, "Tuanze na wimbo." Tukangoja. Alikuwa amesahau shukrani, tulidhani. Wiki nyingine, vilevile. Hakushukuru tena kwa sauti, si kwa msumari wala kwa mvua, na mtu akisimama akasema anashukuru kwa yote, Mwinjilisti alisema amina akamwacha aketi.

Badala yake alikuwa na tabia mpya. Kabla ya kuanza, aliwatazama watu, benchi baada ya benchi, mmoja mmoja. Alikuwa akimtafuta aliyepeleka maneno yake. Mara ya kwanza macho yake yaliponifikia niliinamisha kichwa kwenye daftari kama niliye na kazi. Yakanipita. Yakaenda hadi mbele, kwa Mama Mutua, ambaye alikuwa amerudi kanisani baada ya miezi miwili, na yakakaa pale.

Niliona. Nilielewa aliyokuwa akiyafikiri: mjane, mwenye sababu, aliyeinuka akatoka. Ningeweza kumwendea baada ya ibada nikamwambia maneno matatu. Sikumwendea. Nilijisemea kwamba huenda sikuona vizuri.

Tangu hapo alimsalimu Mama Mutua kama mtu anayelipa kodi. Mama yake Mama Mutua, aliyekuja kutoka Matuu kumsaidia kulea, aliugua akafa palepale Garissa, na Mwinjilisti hakuja kumzika. Alimtuma mzee mmoja wa kanisa, akasema miguu inamuuma. Mama Mutua alisimama kaburini akiangalia barabara. "Labda amechelewa," aliniambia. Mchana ule nilimwona Mwinjilisti dukani kwa Abdi, ameketi juu ya gunia, miguu yake mizima, hali tende wala hasemi.

Alihamishwa vita vilipokaribia kwisha. Siku ya kuondoka aliniagiza nilete madaftari ya kanisa, akayapitia ukurasa kwa ukurasa, kisha akanipa mkono. "Mwandiko wako ni mzuri, karani," alisema. Basi. Neno hilo nililitafuna miaka mingi. Nililigeuza huku na huku kama nilivyogeuza kila kitu nilichopewa. Siku moja nilijua amejua. Siku nyingine nilijua hakujua.

Miaka kumi na zaidi baadaye nilihamia ofisi ya Mwingi. Nilikuwa na mke, watoto, na pikapu yangu mwenyewe. Mtu mmoja aliyekuwa polisi Garissa aliniambia Mwinjilisti amestaafu, anaishi si mbali na barabara, macho yanamwishia. Nilikaa na habari hiyo miezi kadhaa. Halafu Jumamosi moja asubuhi nikaenda.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye kunde, akipalilia kwa kupapasa. Nilitaja jina langu. Alilikumbuka, akafurahi, akanipeleka kivulini. Kopo la majani ya chai lilikuwa mezani, wazi, akamwambia mjukuu wake wa kike anitilie mengi. Tulizungumza habari za Garissa. Aliniambia vita vilipokwisha alirudi kumtafuta Halima, akamkuta kwenye kibanda nje ya mji, akiuza maziwa ya mbuzi za watu wengine. Mumewe hakurudi kamwe.

"Nilimwambia kosa lilikuwa la mdomo wangu," alisema. "Akaniambia anajua, na nisije tena."

Akanywa chai kidogo.

"Nikuambie jambo lingine, karani. Shemeji yake, ndugu ya yule mume, alikuwa mmoja wa waliolipiga lori. Nilimwona kwa macho yangu. Yeye ndiye aliyenisukuma niende kule kwenye ngamia za nduguye, wenzake wakibishana. Nilijua tangu siku ile ya kwanza, na sikusema. Labda kama ningesema, wengine wangeokoka. Baada ya hapo walipiga malori mengine. Mungu hajaniambia, na mimi nimechoka kumuuliza."

Kwa hiyo nilikuwa nimemshuku kwa haki, nusu yake. Nilitegemea moyo wangu utapata nafuu. Haukupata.

"Aliyepeleka yale maneno ni mimi," nilisema.

Hakugeuka. Ndege walikuwa wakipiga kelele kwenye mgunga.

"Maneno gani?"

"Ya ngamia kilema. Niliyaandika, nikampa yule afisa. Nilijua watampata kwa hayo."

Chai yangu ilitanda utando juu. Kisha akauliza, taratibu sana, "Si Mama Mutua?"

"Hapana. Mama Mutua hakujua lolote."

"Sikwenda kumzika mama yake."

"Najua."

"Ulijua kwa nini sikwenda?"

"Nilijua."

Alishusha kikombe. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Aliuliza kama Mama Mutua yu hai. Nikasema yu hai, yuko kwao Matuu, nimekuwa nikipita kumwona kila mwaka. Aliinuka akaingia ndani, nikasikia akimwuliza mjukuu wake shati liko wapi. Alitoka amevaa, vifungo vimepishana, kofia mkononi.

"Nipeleke," alisema.

Njia nzima hakunisemesha. Nilijaribu mara moja, nikamwambia nilikuwa na uchungu wa Baba Mutua. Aliinua kiganja, nikanyamaza. Matuu tulifika jua likianza kupungua. Mama Mutua alikuwa akianika mahindi uani, nywele zimekuwa nyeupe mbele. Alinitambua mimi kwanza, akanisalimu, halafu akamtazama yule mzee aliyekuwa akishuka kwa kupapasa mlango wa gari. Mwinjilisti alitembea kuifuata sauti yake, akasimama hatua mbili mbele yake, akavua kofia.

"Mama," alisema, "nilikudhania vibaya miaka yote hii. Nilidhani ni wewe uliyepeleka habari ya yule mama wa maziwa. Ndiyo sababu sikuja kumzika mama yako. Nimekuja kukuambia."

Mama Mutua aliyafuta mikononi makapi ya mahindi.

"Nilikungojea siku ile," alisema. "Nilidhani kuna jambo nimekukosea, nikalitafuta, nisilione."

"Hukunikosea lolote."

"Na ni nani aliyepeleka?"

Mwinjilisti hakunigeukia wala kuninyooshea kidole. Alingoja tu, na Mama Mutua naye akangoja, mpaka nikasema mwenyewe. Nilisema yote, mashine, karatasi, yule afisa, na kwamba nilimwona Mwinjilisti akimtazama yeye kwa shuku nami nikanyamaza. Mama Mutua alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamshika Mwinjilisti mkono, akamwambia aangalie, kuna ngazi, akamwongoza kuelekea mlangoni.

Nilisimama kando ya mahindi. Sikujua kama niingie au niondoke. Mlangoni Mwinjilisti alisimama, akasema na Mama Mutua jambo sikulisikia, halafu akageuza uso upande niliokuwa.

"Usinisubiri," alisema. "Kesho nitapanda basi."

"Naweza kuja kukuchukua, Mwinjilisti. Wakati wowote."

"Hapana." Alifikiri kidogo, macho yake meupe yakipita juu ya kichwa changu. "Kwa kunileta hapa, nakushukuru. Kwa mengine, bado."

Akaingia ndani.